Watoto wa Safari

Madam Wangeci alinipa karatasi mlangoni mwa darasa langu saa mbili kasoro robo, hata koti hajavua. Nikaikunjua. Muhula uliopita majina yalikuwa kumi na mawili. Leo nilihesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Kumi na saba.

"Wamezidi," nikamwambia.

"Nimeona. Wapeleke mbali kidogo. Afisa Munyoki anaingia saa tatu, na hataondoka kabla ya chai."

"Madam, nikitoa kumi na saba, hilo darasa si litabaki mapengo matupu?"

"Kuna homa mtaani. Ni Julai, Awuor. Watoto huugua Julai."

Akishasema jina langu bila "Mwalimu" mbele yake, mazungumzo yamekwisha. Yeye alikuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi ya Kijiweni. Mimi nilikuwa mwalimu wa bodi, wa kuajiriwa na shule tu: sina barua ya tume ya walimu, sina wa kunitetea, kazi yangu iko kwenye ncha ya ulimi wake. Akisema niende, naenda. Nikaitia karatasi mfukoni, nikaingia darasani nikiwa na hasira ya kumzaba mtu kofi, ila sikujua nimzabe nani.

Nikasoma majina. Hapo ndipo mgeni angeshangaa, maana kila niliyemtaja aliruka juu kwa furaha. Waligongesha viganja, wakakimbilia masweta yao. Wale arobaini na mmoja ambao sikuwataja, wale wanaojua kusoma, walinuna, na mmoja wao akaangua kilio kabisa. Kisa na maana, safari ilikuwa tamu. Ilikuwa na mandazi.

Wacha nieleze, maana ukilisikia juujuu utadhani shule nzima ilikuwa na kichaa. Kila muhula ofisi ya elimu ilituma afisa kupima usomaji katika madarasa ya chini. Afisa huketi na mtoto mmoja mmoja, anampa hadithi ya mistari sita, anamsikiliza, anabonyeza tableti. Darasa likipanda, shule inasifiwa. Likishuka, mwalimu mkuu anaitwa mkutanoni kujieleza mbele ya wenzake. Wangeci aliitwa mara moja, mwaka wake wa kwanza kwetu. Sijui alielezwa nini huko. Ninachojua ni kwamba alirudi akajifungia ofisini, na Mzee Ondiek, mlinzi wetu, aliniambia alimsikia akilia kama mtu aliyefiwa. Muhula uliofuata zikaanza safari.

Wiki moja kabla ya afisa kuja, Wangeci aliwaita watoto wangu ofisini kwake mmoja mmoja akawapa kitu wasome. Walioshindwa waliingia kwenye karatasi. Siku yenyewe ikifika, mimi natoka nao kwa lango la nyuma na yeye anakaa na waliobaki. Tulikwenda tukatazama lori la mahabusu likiingia mahakamani Makadara. Tulikwenda sokoni Jericho tukahesabu aina za ndizi. Tulikwenda reli tukangoja treni. Nilianza na darasa hili likiwa gredi ya kwanza, nikapanda nalo hadi ya tatu, na hii ilikuwa safari ya nane.

Usiniulize kama dhamira ilinisuta. Ilinisuta kila mara, nikifika nyumbani nagombana na sufuria. Lakini nilikuwa na watoto hamsini na wanane, chaki, na vitabu ishirini na vitatu vya kugawana. Yule aliyeshika kusoma alishika. Asiyeshika, nilimpitia jioni dakika tano, kisha kengele ikalia.

Kilichonikosesha usingizi tangu Mei ni jambo moja. Munyoki, huyu huyu afisa, alituita walimu wa zoni kwenye semina. Si mtu mbaya. Ana viatu vya matope, ana karanga mfukoni, na akikuonyesha namna ya kumfundisha mtoto sauti za herufi unaona kweli amewahi kushika darasa. Akatuambia kuna mpango: mwalimu wa kusoma, kazi yake hiyo tu, aje na masanduku ya vitabu na akae na watoto waliobaki nyuma mwaka mzima. Ila ni shule moja tu ya zoni itakayopata, ile yenye hali mbaya kuliko zote, na hali itapimwa kwa matokeo ya muhula huu. "Mficha uchi hazai," akasema, walimu wakacheka. Mimi sikucheka. Kwa matokeo yetu ya mandazi tulikuwa wa tatu kutoka juu.

Nilimwendea Wangeci siku hiyo hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na wakikosa kutupa huo mpango? Nitabaki na aibu na watoto wasiojua kusoma. Yote mawili. Sasa hivi nina moja."

Mimi sikuwa na hesabu kama hiyo. Nilikuwa na Shiru.

Shiru alikuwa na miaka tisa, sweta la kaka yake linalomfika magotini, na rekodi ambayo hakuna mtoto mwingine aliyekuwa nayo: hakuwahi kukosa safari hata moja. Januari angeingia gredi ya nne. Huko hakuna anayefundisha a, e, i, o, u. Huko unapewa kitabu cha sayansi na mwalimu anakutaka usome ukurasa wa kumi. Mtoto akivuka hapo bila kusoma, amevuka basi. Ataketi nyuma, atajifunza kunyamaza, na miaka mitano baadaye utamkuta stejini akipigia watu kelele wapande gari. Nilijua. Nimewaona.

Basi tukatoka. Manyunyu yalikuwa yakianguka, yale ya Julai yasiyolowesha wala kuacha mtu akauke. Niliwapanga wawili wawili, na mmoja aliyezidi nikamshika mkono, alikuwa Shiru. Nikaamua twende reli kupitia Buruburu, kwa sababu kule njia zina ua na miti na mtu wa ofisi hawezi kutuona kutoka barabara kubwa. Kila kona niliwahesabu. Kila gari jeupe lilipokaribia, lisije kuwa la ofisi, niliwasukumia kando. Nina miaka thelathini na minne, nina diploma, na nilikuwa nikijificha nyuma ya ua la watu na watoto kumi na saba.

"Ticha, mbona unahesabu sana?" Shiru akauliza.

"Ili msipotee."

"Hatuwezi potea. Mimi najua njia zote."

Alizijua kweli. Alinionyesha nyumba ambayo mbwa wake hubweka akiwa juu ya ukuta. Alinionyesha mahali ambapo safari ya tano mtoto mmoja alipoteza kiatu. Alikuwa akiniongoza mimi, na alikuwa na furaha, na furaha yake ilinikera.

Tulipofika mahali nyumba zina mageti madogo ya mbao, mstari wangu ulikuwa na kelele za kutosha kuamsha wafu. Nikafungua mdomo niwakemee. Kabla sijasema neno, mvulana mmoja wa mbele, Sydney, aligeuka akaweka kidole mdomoni.

"Shhh! Nyamazeni, kuna mtoi amelala."

Wenzake wakanyamaza. Wakapita geti lile kwa ncha za vidole, wakichekea mikononi. Mimi nilisimama. Kwenye geti palikuwa na kibao cha kuandikwa kwa mkono: *Tunauza maziwa ya mbuzi. Gonga taratibu, mtoto amelala.*

Hakukuwa na picha ya mbuzi. Hakukuwa na picha ya mtoto. Palikuwa na maneno tu.

"Sydney."

Akageuka. Aliniona nikikitazama kibao, naye akakitazama, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekanyaga msumari.

"Umejuaje kuna mtoto amelala?"

"Nimeskia akilia."

"Aliyelala analia?"

 Wenzake watatu walianza kutazama viatu vyao, na hilo ndilo lililowaponza. Niliwatoa mstarini wote wanne, nikawasimamisha chini ya mti, nikamwambia Sydney asome kibao kile kwa sauti. Akasoma. Alisoma vizuri kuliko mimi nisomavyo notisi za ofisi, hata akatua kwenye mkato.

"Wewe unajua kusoma."

"Ee, ticha. Najua poa."

"Kwa Madam Wangeci ulishindwa."

"Nilijifanya." Akaona hasira yangu inapanda, akaongeza haraka, "Huko klasi ni kukaa tu, ticha! Unasoma mara moja, alafu unakaa. Na hawa wanaenda reli. Hata si haki."

Si haki. Mtoto wa miaka tisa anaijua haki kuliko ofisi nzima. Nilitaka kucheka na nilitaka kuketi chini njiani nilie, na sikufanya lolote kati ya hayo kwa sababu nilikuwa na swali.

"Mlijifanyaje nyote wanne? Madam Wangeci si mjinga. Amefundisha miaka ishirini. Anamjua mtoto anayejua na anayejifanya."

Wakatazamana.  Aliyejibu hakuwa hata mmoja wao.

"Ni mimi nimewafunza," Shiru akasema. Alikuwa bado ameshika mkono wangu. Hakusema kwa kuungama. Alisema kwa kujisifu. "Walikuwa wananisumbua, ati Shiru tuonyeshe. Nikawaonyesha."

"Ukawaonyesha nini?"

Akauachia mkono wangu, akasimama mbele ya kibao. Alikitazama. Hakuharakisha. Macho yake yakaenda kwenye neno la kwanza yakakaa hapo, midomo ikajikunja kidogo kana kwamba kitu kinakuja, kisha kikakosa kuja. Akageuza kichwa polepole akatazama pembeni, mbali, mahali ambapo pangekuwa na dirisha. Mabega yakashuka.

"Alafu akikuuliza tena, unasema nimesahau," akamalizia, akanitazama kwa tabasamu. "Lazima uangalie dirisha. Usipoangalia dirisha, Madam anajua unadanganya."

Nimemfundisha mtoto huyu miaka miwili na nusu. Uso ule niliujua. Niliuona kila asubuhi kwenye dawati la tatu, nikaupita kwa sababu kengele italia. Yeye hakuwa akijifanya. Huo ndio uso wake wa kweli akiwa mbele ya maneno, na alikuwa ameutazama kwa ndani, akaujua hatua kwa hatua, akaufundisha wengine wakafaulu. Katika shule yetu yote, somo lililoeleweka vizuri kuliko yote mwaka huo lilikuwa lile la Shiru.

Nilishikwa na hasira ambayo mpaka leo sijui niipe jina gani. Ilinianzia miguuni.

"Tunarudi," nikasema.

Wakanitazama kama niliyewatukana.

"Ticha, hatujafika reli!"

"Tunarudi shuleni. Sasa hivi. Geukeni."

"Aki ticha! Na mandazi?"

"Mtakula darasani."

Hapo wakaasi. Mmoja aliketi chini kwenye majani mabichi. Wasichana wawili walikumbatia nguzo ya stima. Sydney alisema, kwa sauti ya wakili wa Makadara, kwamba yeye ameonewa mara mbili, kwanza kwa kuachwa na safari saba na sasa kwa kukatiziwa hii. Niliwavuta, niliwabembeleza, niliwatisha na wazazi wao na Mungu. Mama mmoja alichungulia juu ya ua akauliza kama hawa watoto ni wangu au nimewaiba. Nikamjibu vibaya, kama anasoma hapa, anisamehe.

Simu ikalia. Wangeci. Nikaiacha. Ikalia tena tukiwa tumeanza kutembea, nikapokea.

"Uko wapi?" Alikuwa akinong'ona. "Ameingia mapema. Yuko kwa mtoto wa kumi na tano. Usikaribie huku mpaka nikupigie."

"Narudi, Madam."

"Hujanisikia. Nimesema usi..."

"Nimesikia. Narudi nao."

 Akasema taratibu kabisa, "Awuor, fikiria vizuri. Fikiria hata kazi yako." Akakata.

Nilifikiria. Nilifikiria njia nzima, nikihatarisha kugongwa, nikitembea haraka hata watoto wakawa wanakimbia kunifuata. Kwenye kila kona nilisema nitasimama, nitawapa mandazi, nitasubiri simu, Januari ni mbali. Kona ikipita, miguu inaendelea. Sikuwahesabu tena.

Langoni Mzee Ondiek alisimama katikati ya njia na rungu lake.

"Madam Awuor, nimeambiwa nisifungue mpaka gari la ofisi litoke."

"Mzee, hawa ni watoto wa shule gani?"

Akawatazama. Wengine walikuwa wakilia, wengine wamelowa, mmoja ana kiatu kimoja mkononi. "Ni wetu."

"Kwa hivyo unalinda shule isiingiliwe na wanafunzi wake?"

Alilifikiria hilo kwa uaminifu kama anavyofikiria kila kitu. Kisha akafungua.

Munyoki alikuwa ameketi kwenye benchi la watoto, magoti karibu yaguse kidevu, tableti mapajani. Wangeci alisimama kando ya ubao. Watoto arobaini na mmoja walikuwa wametulia mikono juu ya madawati. Nilifungua mlango bila kubisha, na kumi na saba wangu wakaingia nyuma yangu na matope yao.

"Hawa walikuwa kwenye ziara ya masomo," Wangeci akasema haraka. Sauti yake ilikuwa kavu.

Munyoki akawatazama, akatazama rejista. "Uliniambia wana homa."

"Hawana homa," nikasema. "Kumi na watatu hawajui kusoma. Wanne wanajua, lakini walijifanya hawajui ili watolewe nje. Kila muhula nawatoa nje wewe ukija. Tangu gredi ya kwanza."

Nilitarajia asimame. Nilitarajia ghadhabu ya serikali. Munyoki alitoa karanga moja mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Mwalimu," akasema, "darasa hili nimeshalituma."

"Lifungue."

"Nikilifungua nitaulizwa na walio juu yangu, mihula mingine ilikuwaje. Na mihula mingine nilipima mimi." Akamgeukia Wangeci bila ukali. "Nilikuwa najiuliza, Madam. Mbona shule hii ina homa kila nikija."

"Ulijiuliza," nikamwambia, "halafu ukafanya nini?"

"Nikabonyeza." Alisema hivyo akitazama kioo cha tableti. "Zoni yangu ilikuwa inapanda. Unajua mtu akipanda anavyoongeleshwa huko juu? Nikabonyeza."

Basi hapo tulikuwa watu wazima watatu, na sote tulijua. Sikuwa na wa kumlilia. Nikasema, "Mpime mmoja. Mmoja tu. Ukimaliza, ukitaka kuacha ulivyotuma, acha."

Nikamsukuma Shiru mbele. Alikwenda akapanda benchi karibu na Munyoki, naye akampa kile kikaratasi cha mistari sita. Hadithi ya kuku. Neno la kwanza lilikuwa *Kuku*.

Shiru akalitazama. Midomo ikajikunja. Kichwa kikageuka polepole, safari hii kukawa na dirisha la kweli.

"Nimesahau."

"Umesahau neno gani?"

"Yote."

Munyoki alisogea. Namheshimu kwa namna alivyosogea, taratibu, akaweka kidole chini ya herufi. "Tuanze na hii peke yake. Inatoa sauti gani?"

Shiru alimtazama kwa huruma, vile unavyomtazama mgeni anayeuliza njia ya mahali asipopaswa kwenda. "Mimi si wa kusoma," akamweleza. "Mimi ni wa safari."

Watoto wachache walicheka. Wangeci hakucheka. Alikuja mpaka mbele ya benchi, akainama.

"Nani alikuambia hivyo, Shiru?"

"Ni wewe, Madam. Uliniandika."

"Umejuaje nimekuandika? Wewe husomi."

Shiru alishuka akanijia. Alitia mkono mfukoni mwangu kana kwamba ni mfuko wake, akaitoa karatasi, akaikunjua juu ya benchi na kuinyoosha kwa kiganja, kwa uangalifu mkubwa. Akaweka kidole juu kabisa, kwenye namba moja.

"Shi," akasema. Kidole kikasogea. "Ru."

Akainua uso. "Hii ndiyo najua. Ticha akisomanga majina mimi huchungulia. Iko hapo juu kila mara."

Mvua ilikuwa imeongezeka, mabati yakawa yanalia. Nilitazama karatasi ile yenye mwandiko mzuri wa Wangeci, mwandiko wa mwalimu wa zamani aliyefundishwa kuandika vizuri. Hilo ndilo neno pekee ambalo mtoto yule alikuwa amesoma katika miaka miwili na nusu, na hatukumfundisha. Aliliokota. 

Wangeci aliketi. Aliketi palipokuwa karibu, kwenye dawati la mtoto, na mtoto akasogea kumpisha. 

"Fungua darasa," akamwambia Munyoki.

"Madam, unajua mtaanguka mpaka wapi?"

"Najua kuhesabu. Fungua."

Akafungua. Tuliwapima wote kumi na saba. Chai ya saa nne ilipoa ofisini, hakuna aliyeikumbuka. Sydney na wenzake watatu walisoma baada ya mimi kuwaapia kwamba hakuna tena safari ya walioshindwa. Wale kumi na watatu walishindwa mmoja baada ya mwingine, na Munyoki hakumharakisha hata mmoja. Saa sita alijumlisha. Tulikuwa chini kabisa, chini ya shule zote ishirini na sita, na pengo lilikuwa kubwa.

"Basi mpango ni wenu," akasema. "Hakuna wa kubishana na hizi. Mwalimu wa kusoma atakuja muhula ujao, na vitabu." Alimtazama Shiru, ambaye alikuwa akila andazi la pili. "Na nitamwambia aanze na huyu."

Sitadanganya, kifua kilinijaa. Nilijiona. Nilijiona nimesimama mlangoni na watoto wangu waliolowa, nikisema kweli mbele ya serikali. Nikajua nitafukuzwa kazi na nikaona hata hilo lina utamu wake. Nilingoja mtu aseme asante.

Munyoki akatoa fomu ya karatasi, ile inayojazwa matokeo yakibadilishwa, akasoma swali kwa sauti: nani aliwatoa wanafunzi darasani, na mara ngapi?

"Andika hivi," Wangeci akasema. Alikuwa amesimama tena, koti limefungwa vifungo vyote. "Mwalimu mkuu aliandika majina. Mwalimu Awuor aliwatembeza. Mara saba. Mara ya nane aliwarudisha kabla ya wakati."

"Mimi ndiye niliyewarudisha!" Nilipaza sauti hata watoto wakageuka. "Mimi! Wewe ulinitisha na kazi!"

"Ndiyo, nilikutisha. Andika na hilo, Bwana Munyoki." Hakuwa na hasira nami hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. "Ya leo ni yako, Mwalimu, hakuna atakayekunyang'anya. Lakini zile saba, nani alikuwa amewashika mkono?"

Munyoki alisubiri, kalamu juu ya karatasi, akinitazama aone kama nitabisha. Nilitaka kubisha. Nina hasira ya karibu tangu nikiwa mtoto, mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, na haijawahi kunikosa nikiiita. Niliiita pale mbele ya darasa langu. Haikuja.

"Saba," nikamwambia. "Andika."